MGB: Kabureta za SU zing'olewe au zibaki?

Wanaotaka kuweka injekta za kielektroniki kwenye MGB, gari la michezo la zamani la Uingereza, wana hoja. Kabureta mbili za chapa ya SU kwenye injini ile ya cc 1,798 hupima mafuta kwa sindano inayopanda na kushuka ndani ya jeti, basi. Petroli ya E10, iliyoingia vituoni Uingereza mwaka 2021, ina ethanoli yenye oksijeni ndani yake, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa kwa petroli ya zamani hutoa mafuta pungufu. Mwinuko hufanya kinyume: gari lililosetiwa Mombasa likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mafuta yanazidi. Kompyuta yenye sensa ya presha ya hewa na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hurekebisha yote mawili bila mtu kufungua boneti.

Ubishi unaanzia kwenye silinda hedi. Ina njia mbili tu za kuingizia hewa kwa silinda nne: ya 1 na ya 2 zinachangia moja, ya 3 na ya 4 nyingine. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, hivyo silinda ya 2 ikishavuta, ya 1 inafuata papo hapo kupitia njia ileile, kisha njia inatulia. Injekta ikiwekwa mlangoni pa njia hiyo na kumwaga bila kufuata zamu hizo, mafuta yaliyojikusanya wakati wa utulivu yanabebwa na silinda ya 2, na ya 1 inaambulia hewa zaidi. Upande wa pili, ya 3 hushiba na ya 4 hupungukiwa. Sensa ya oksijeni imekaa baada ya mabomba kuungana, kwa hiyo inasoma wastani: skrini inaonyesha uwiano wa hewa kwa mafuta wa 14.7 safi kabisa huku plagi za ndani zikiwa na masizi na za nje nyeupe kama chaki. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho mlimani, pistoni za nje ndizo zilizo hatarini. Rover walipopeleka injekta mbili kwenye Mini mwaka 1996, yenye hedi ya aina hiyohiyo, ilibidi kompyuta iipigie kila silinda mafuta yake kwa wakati wake. Kompyuta isiyoweza hilo haifai kwa injekta za mlangoni kwenye hedi hii, hata iwe ghali namna gani.

Njia mbili zinabaki. Ya kwanza ni kuweka injekta juu ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa), pale kabureta zilipokuwa, ili mafuta yachanganyike na hewa kabla ya kugawanywa. Ya pili ni hedi ya alumini yenye njia nne. Hapo injekta nne zina maana. Hesabu ya ukubwa wake ni rahisi: nguvu farasi 95 zinahitaji takriban cc 500 za petroli kwa dakika, gawa kwa nne, kisha gawa kwa 0.8 ili injekta isifanye kazi muda wote. Unapata kama cc 155 kila moja. Zikiwa kubwa kupita kiasi, injini haitulii gari likiwa limesimama.

Kazi inayodharauliwa ni ya mafuta. Pampu ya SU hutoa presha isiyofika bar 0.3, injekta za mlangoni zinataka bar 3. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe kwa ile ya daraja la R9, inayohimili presha ya injekta, na bomba la kurudisha mafuta liongezwe. Tangi halikutengenezwa kwa pampu ya presha: likiwa robo, kwenye kona pampu inavuta hewa na injini inamisi. Dawa ni kitangi kidogo cha lita 1 hadi 2 kinacholishwa na pampu ya zamani. Relei ya pampu ishikiliwe na kompyuta pale tu injini inapozunguka, na swichi ya kukata mafuta gari likigongwa isikosekane. Magari ya kabla ya mwishoni mwa 1967 yana bodi iliyounganishwa na chanya ya betri pamoja na dainamo. Lazima yageuzwe kuwa hasi na kupewa altaneta kwanza.

Upande wa kabureta nao una jambo ambalo wauzaji wa vifaa vya injekta hawalisemi. Malalamiko mengi dhidi ya SU ni ya uchakavu. Shika ekseli ya bamba la hewa uitikise. Ikicheza, inavuta hewa pembeni na hakuna seti itakayokaa. Bushi mpya, jeti, sindano zilizochaguliwa kwa E10 na mfumo wa moto usiotumia pointi hurejesha sehemu kubwa ya kile kinachotafutwa kwenye injekta, kwa gharama ndogo zaidi. Nguvu pia haziongezeki sana: hedi ileile inapitisha hewa ileile.

Kwa gari la Jumapili, zibaki. Kwa anayeliendesha kila siku, anayepanda na kushuka milima, au ambaye tayari amenunua hedi ya njia nne, injekta zinajilipia, ilimradi plagi zote nne zichomolewe na kulinganishwa baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. MGB za Marekani za kuanzia 1975, zilizopewa kabureta moja ya Stromberg, zina cha kupoteza kidogo zaidi kuliko zote.