Deep Purple haikuanza kuvunjika mwaka 1976
Makala moja inasema kwamba Deep Purple, bendi ya muziki wa roki, ilisambaratika mwaka 1976 kwa kuwa mpiga gitaa Ritchie Blackmore alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia. Kwangu mimi, huko ni kuanza hadithi mwishoni. Kundi hilo, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1968, lilipata ule mdundo wake mzito baada ya mwimbaji Ian Gillan na mpiga gitaa la besi Roger Glover kujiunga nalo mwaka 1969, na wawili hao walipotoka mwaka 1973, kufuatia ziara zisizokwisha na uhasama baina ya Gillan na Blackmore, ufa haukuzibika tena, ingawa David Coverdale, aliyechukua nafasi ya Gillan, aliimba vizuri. Wapenzi wa taarabu hapa Mombasa wanalielewa hilo: mwimbaji akihama, mashabiki humfuata. Waliorudiana mwaka 1984 walikuwa watano wa 1969, si wale wa 1976.