Geuza umbo kwanza, ndipo ulipime

Programu nyingi za michoro ya vekta, yaani michoro inayohifadhiwa kama mistari na maumbo ya kihesabu, zina zoea la miaka mingi: umbo likizungushwa, halipimwi upya. Huchukuliwa kisanduku kilicholizunguka hapo awali, zikazungushwa pembe zake nne, kikachorwa kisanduku kipya cha kuzifunika. Hoja ya wanaolitetea ina uzito. Pembe nne huhesabiwa kufumba na kufumbua, hata mchoro uwe na mistari elfu kumi, na kisanduku kilichozidi ukubwa hakiachi sehemu yoyote ya umbo nje. Kwa kuamua kama umbo limo kwenye skrini au halimo, kinatosha kabisa.

Shida huanza kisanduku hicho kinapotumika kupima malighafi. Chukua stika ya duara yenye kipenyo cha sentimita 10, kama zile za kioo cha matatu. Izungushe digrii 45. Duara ni lilelile, upana wake ungali 10. Kisanduku cha pembe zilizozungushwa, hata hivyo, sasa kina upana wa 14.14, na eneo lake limeruka kutoka sentimita mraba 100 hadi 200. Kwenye roli ya vinili, plastiki nyembamba ya kukatia stika, yenye upana wa sentimita 60, safu iliyobeba stika sita sasa inabeba nne. Stika 24 zilizotosha kwenye sentimita 40 za roli zinakula karibu 85. Iweke stika hiyo ndani ya kundi ambalo nalo limezungushwa digrii 45, na kisanduku kinafika 20 kwa 20, mara nne ya eneo la kisanduku halisi. Katika karakana moja hapa Nairobi nilimkuta fundi akilaumiwa kwa kumaliza vinili mapema. Hakuwa na kosa. Alipanga kazi kwa nafasi ambazo programu ilimwonyesha.

Ndiyo maana inaniuma kusikia kwamba kipimo sahihi ni ghali kukihesabu. Kwa duara na duaradufu, kanuni moja fupi inatoa jibu kamili. Kwa mstari wa Bézier, yaani mstari uliopinda unaoongozwa na nukta chache, hapa nne, geuza nukta zenyewe kwanza; mstari unaozaliwa nazo ndio uleule uliogeuzwa. Kisha tafuta mahali unapoacha kupanda na kuanza kushuka: mlinganyo mmoja wa kwadrati kwa kila mhimili, hesabu ya shule ya upili. Kuzifunika nukta pekee hakutoshi. Zikiwa kwenye vimo vya 0, 1, 1 na 0, mstari wenyewe haupiti 0.75.

Waundaji wa maktaba kubwa za programu, yaani misimbo iliyo tayari ambayo waandishi wengine huitumia, wanalijua hili. Skia, maktaba ya kuchora, ina getBounds ya haraka na computeTightBounds ya kipimo kamili. Qt, maktaba nyingine, ina controlPointRect ya haraka na boundingRect ya kipimo kamili. Kilichobaki ni mwandishi wa programu kuchagua inayofaa kazi yake.

Watetezi wa makadirio wananishinda kwenye unene wa mstari. Katika SVG, muundo wa faili za michoro ya vekta, usipobadilisha mpangilio wake wa kawaida, ncha kali ya kona inaweza kurefuka hadi mara 4 ya unene huo, na umbo likivutwa upande mmoja zaidi ya mwingine, unene wenyewe hautoshani tena. Hapo, kwenye skrini, nami hukubali kukadiria. Ila mashine ya kukata stika haichori unene: kisu hufuata njia yenyewe, na njia hiyo inapimika kikamilifu.