Kinanda cha babu: anza na mivukuto, ndimi ziache

Kinanda cha kukanyaga cha Kimarekani kikikaa kimya miaka 40 sebuleni, mtu wa kwanza kukigusa hukimbilia ndimi za shaba, yaani vipande vyembamba vinavyotetema na kutoa sauti, akisema zimechoka. Ndimi hazichoki hivyo. Kampuni ya Estey ya Brattleboro, Vermont, ilitengeneza zaidi ya vinanda nusu milioni, na vingi vilivyosalia vina ndimi nzima kabisa. Kilichokufa ni kitambaa cha mivukuto, yaani mifuko ya hewa, na ndipo kazi inapopaswa kuanzia.

Harmoniamu iliyozoeleka kwenye taarabu ya Mombasa husukuma hewa ipite kwenye ndimi. Hiki hunyonya. Pedali mbili huondoa hewa iliyomo ndani ya mfuko mkuu, mfuko unajikunja, na springi zilizo ndani zinaufungua tena polepole huku hewa ikivutwa kupitia ndimi. Kwa hiyo kipime hivi: rudisha ndani vishikio vyote vya kuchagulia sauti, kanyaga mpaka mfuko ujikunje, kisha acha. Ukifunguka mara moja, kuna uvujaji, na hakuna ulimi utakaolia vizuri kabla hujauziba.

Msiweke viraka vya utepe wa gundi. Mpira uliopakwa kwenye kitambaa, ukikauka mahali pamoja, umekauka kote, na ukiziba kona moja, ya pili inapasuka. Vua kitambaa chote na kukitunza kiwe kielelezo cha kukatia kipya. Weka kitambaa chenye unyevu juu ya ukingo ulioshikwa kwa gundi, upitishie pasi ya moto, na gundi ya zamani italegea bila kung'oa mbao. Kabla ya kufungua mfuko, zibane springi kwa kamba imara: zina nguvu ya kuumiza mkono. Vibao vya kadi vilivyo kwenye mikunjo virudi mahali pake, la sivyo mfuko utakunjika ovyo na kukwaruzana na fremu.

Kwenye gundi sitaki mjadala: tumia gundi ya ngozi ya wanyama. Loweka chembe zake kwenye maji baridi yenye uzito mara mbili, zikishavimba zipashe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, zisipite nyuzi 60 hivi. Zikichemka gundi inapoteza nguvu. Gundi nyeupe ya mbao na silikoni hushika vizuri leo, lakini atakayekifungua kinanda baada ya miaka 50 hataweza kuzitoa bila kuchana mbao, na huyo huenda ni mjukuu wako.

Ndipo tufike kwenye ndimi. Kinanda cha kawaida kina vitufe 61, kwa hiyo safu mbili kamili ni ndimi 122, na kila moja ina nafasi yake. Andaa ubao wenye matundu yenye namba kabla hujatoa hata mmoja. Vuta kwa ndoano ndogo inayoshika mfereji ulio kwenye kisigino, usitumie koleo. Ulimi usiolia, mara nyingi, una unywele au chembe ya vumbi chini yake. Pitisha brashi laini kavu kutoka shina kwenda ncha. Ukirudi unapwaya kwenye nafasi yake kwa sababu mbao imekauka, ukanda mwembamba wa karatasi unatosha.

Kuhusu sauti, subirini. Kukwangua ncha huinua sauti, kukwangua shina huishusha, na shaba iliyokwanguliwa hairudi. Watengenezaji wa piano wa Marekani walikubaliana mwaka 1891 kutumia noti ya A yenye mitetemo 435 kwa sekunde, si 440 ya leo, hivyo kinanda cha zamani huenda kisilingane na piano ya leo. Pengo hilo ni takriban moja ya tano ya nusu toni. Kinanda kikilingana chenyewe kwa chenyewe, kiacheni hapo kilipo, kipigwe peke yake bila piano.

Mwisho, toeni vitufe na mkague felti iliyo chini yake. Nondo wakiwa wamekula, badilisha yote kwa unene uleule wa zamani. Ikiwa nene kupita kiasi, valvu, yaani vifuniko ambavyo vitufe hufungua ili hewa ipite, hazitafunguka sawasawa, na mtarudi kulaumu ndimi.