Sote Fungu la Tatu

Juzi baada ya laasiri, barazani Langoni, bao lilisimama kidogo mchezaji mmoja alipoitwa nyumbani. Nikachota kete ishirini, nikawaambia wawili waliobaki: tuseme hizi ndizo mali zote za Lamu. Wagaweni watu wa hapa mafungu matano yenye idadi sawa, kuanzia matajiri mpaka maskini, kisha kila fungu mligawie kete zake mnavyodhani.

Hamali, mwenye punda watatu, aliwapa matajiri nane, akashuka tano, nne, mbili, na maskini moja. Ami, mwenye boti mbili za kubeba wageni, akatoa sita, tano, nne, tatu, mbili. Na nyinyi wenyewe mko fungu gani? Wote wawili wakagusa la tatu.

"Ami, na ile nyumba ya Shela unayopangisha?" hamali akacheka.

"Boti moja bado nadaiwa, mwanangu. Wenye mali huwajui wewe."

Hakuna aliyesema uongo. Ami hushinda gatini na watu walionunua majumba Shela, na mbele yao yeye ni mtu wa kawaida tu. Hamali kila asubuhi huwapita vijana wanaosukuma mikokoteni, wasio na hata punda mmoja, akamshukuru Mungu. Utafiti wa Buenos Aires uliochapishwa 2013 ulikuta yayo hayo: maskini wengi walijiweka juu kuliko walipo, na matajiri wengi walijishusha, kila mtu akijipima kwa anaokaa nao.

Watafiti Michael Norton na Dan Ariely nao waliwauliza Wamarekani zaidi ya 5,500, mwaka 2005, kuhusu mgawanyo wa mali nchini mwao. Nikiyageuza majibu kuwa kete zetu, walidhani moja ya tano ya juu inashika kama kumi na mbili kati ya ishirini, yaani asilimia 59. Ukweli ulikuwa karibu kumi na saba, asilimia 84. Walipoulizwa wangependa iweje, wakasema kama sita. Sita ndizo alizotoa ami! Alitugawia matamanio akidhani ni hesabu.

Sisi hapa tuna la ziada la kutupoteza. Nyumba zetu za mawe kwa nje ni kuta tupu. Zidaka na nakshi ziko ndani, wanaziona waliokaribishwa. Basi mtaa unapima mali ya jirani kwa kinachopita kichochoroni: punda wangapi wameingia na mchanga, arusi ilichinja ng'ombe wangapi. Kijana akinunua simu mpya tunamjadili wiki nzima. Ila mali kubwa ya Lamu ni ardhi, na ardhi ukishaiandikisha inakaa ndani ya bahasha. Mwaka 2014 serikali ilipotangaza kufuta hati za ekari kama 500,000 za Lamu zilizogawiwa kampuni 22, wengi wetu barazani ndiyo kwanza tunasikia kwamba zilikuwa zimeondoka. Hazikubebwa na punda, nani angeziona?

Na ukilitaja hilo, atatokea mtu aseme vidole havilingani. Msemo huu umenichosha. Riziki anagawa Mungu, sikatai, lakini hati ina muhuri na sahihi ya mtu. Tumezoea kudhani kwamba mwenye nacho amejaliwa na asiye nacho amezembea, kwa hiyo hatuulizi mali ya yule wa kwanza ilipatikanaje wala ya huyu wa pili ilipotelea wapi.

Mchezaji akarudi, tukazirudisha kete ubaoni. Zikahesabiwa: sitini na tatu. Moja imepotea. Hakuna aliyesema neno, lakini macho yote yakamwendea hamali, yangu yakiwemo. Akakung'uta kikoi chake mbele yetu, hakuna kitu.

Nilikuwa nimeikalia mimi.