Eti Niko Spain

Jamani naomba niseme hili mara moja liishe. Mimi Messi sijamuona. Kwanza mwenyewe Barcelona alishaondoka tangu 2021, lakini kila nikipiga simu Tanga lazima atokee mtu wa kuniulizia, na kuna binamu yangu mmoja bado anasubiri jezi yenye saini, nikimwambia mimi nakaa kijijini anacheka, anasema Spain kuna kijiji? Kipo bana. Tena kijiji hasa, watu hata mia nne hatufiki, mbwa ni wengi kuliko watoto, na kutoka hapa mpaka Madrid ni zaidi ya kilomita 300. Nikifungua dirisha la mbele naona mizeituni, nikienda la nyuma mizeituni. Mkoa huu wa Jaén peke yake una mizeituni zaidi ya milioni 60, yaani Watanzania tukiamua kugawana karibu kila mtu anaondoka na wake.

Mke wangu ndiye aliyenileta. Alikuja Tanga kujitolea kufundisha, tukajuana, akaniambia kwao ni kusini kabisa kuna jua kama kwetu, na mimi mtu mzima na akili zangu nikaamini. Habari za Januari hakunigusia.

Nyumba za huku zimejengwa kukwepa joto. Kuta nene, chini vigae, madirisha madogo, kiangazi nje nyuzi 40 na ndani unakaa raha mustarehe. Sasa ikifika Januari nyumba inaendelea na kazi yake ileile, haijui kama msimu umebadilika, ndani kunakuwa na baridi kuliko nje. Dawa yao ni meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachoburuza mpaka chini, na humo chini kuna hita. Zamani walikuwa wanaweka makaa, jiko letu la mkaa tu ila halina sufuria. Familia yote mnaingiza miguu mnajifunika mpaka kiunoni mnaangalia TV. Magoti yanaiva kama muhogo wa kuchoma, mgongo unaganda. Ukitaka kwenda chooni ukainua kitambaa kidogo tu utasikia makelele, unatoa joto, unatoa joto! Nimejifunza kubana mkojo nikiwa na miaka 44.

Na saa. Saa ya sisi Waswahili inafuata jua, likizama ni saa kumi na mbili, habari imekwisha. Huku mwezi wa sita saa tatu na nusu usiku jua bado liko pale, linakutazama usoni. Wenyewe walisogeza saa zao mbele mwaka 1940 na hawajazirudisha mpaka leo, kwa hiyo mama yangu akinipigia kuniuliza "umeshaswali Magharibi?" namwambia mama, subiri, huku ni usiku wa mchana. Chakula cha usiku saa nne. Kuna siku saa tano. Wiki ya kwanza saa moja na nusu mimi nilikuwa nimeshakaa mezani na kijiko mkononi, mama mkwe akaniangalia kwa huruma akamuuliza binti yake kama naumwa.

Halafu saa nane mchana kijiji kinafungwa. Mpaka saa kumi na moja, saa nyingine na nusu yake. Mimi nimekulia duka la Mangi, Mangi hata akilala unamgongea dirisha anakupimia sukari robo na anakutukana kidogo, mambo yanaisha. Huku sukari iliniishia saa tisa mchana mwezi wa nane, nikatoka, mtaa mzima kimya kama kuna msiba, na kwenye msiba angalau kuna watu. Benki ilishafungwa zamani, mashine ya pesa hamna, mpaka uende mji wa jirani. Kwetu hata kijiji cha mwisho barabara inapoishia utamkuta dada kakaa chini ya mwavuli anakutolea hela kwa simu. Sisemi kitu, nimesema tu.

Vitu vingi vinakuja kwa honi. Gari la mkate lina honi yake, la samaki lina yake, la mitungi ya gesi lina yake, na bibi wote wa hapa wanazijua kama adhana. Mimi zote nasikia pii pii. Siku moja gesi ikakata niko bafuni na sabuni machoni, mara nasikia honi, nikajifunga kikoi, nikabeba mtungi begani, nikateremka mbio kwenye kilima, kumbe samaki. Na lile gari limezungukwa na bibi saba. Nikaona aibu kurudi hivihivi, nikanunua dagaa kilo moja. Nikapanda kilima na mtungi begani, dagaa mkononi, povu limenikaukia, na kikoi wakakisifia sana, mpaka leo wananiulizia kinauzwa wapi.

Hapa ukipotea hata siku mbili wanakuja kugonga. Nilipofika swali la kwanza waliloniuliza, hata jina hawakutaka, ni "¿Y tú de quién eres?" yaani wewe ni wa nani? Wallahi nilitaka kulia, nikajiona niko Ngamiani, mtaa wa kwetu Tanga, mzee kanisimamisha njiani wewe mtoto wa nani wewe. Nikajibu mimi mkwe wa fulani. Basi, nikawa na kadi ya uraia ya kijiji kabla sijapata karatasi yoyote ya serikali. Karatasi za serikali zenyewe niacheni nipumue, unaingia kwenye kompyuta kuomba siku ya kwenda ofisini unaambiwa nafasi hakuna, unaamka usiku wa manane kujaribu nafasi hakuna, nimeshamzoea huyo hakuna kama ndugu.

Lakini mkwe sasa. Kwetu mama mkwe unamsalimia macho chini, ikiwezekana ukiwa nyuma ya mlango. Huku siku ya kwanza kanijia mikono wazi, busu shavu hili, busu shavu lile, mimi nimekakamaa kama mti wa mnazi, nikakosea upande tukagongana pua. Na eti nimwite jina lake. Nimwite jina mzazi wa mke wangu? Miaka sita sasa nikimtaka nakohoa kwanza, na yeye anadhani nina kifua.

Mwenzangu wa hapa ni mzee wa jirani, tunakaa baa jioni, yeye na bia yake, mimi na maji yangu ya limau. Na uzuri wa Jaén ukiagiza kinywaji unaletewa na kitu cha kutafuna bure. Bure kweli, hakuna janja. Nikajisemea hapa nimefika, kumbe kila sahani ina nguruwe. Nikamwambia muhudumu mimi sili nyama, akaleta mchicha umepambwa vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, nikasema dada nilisema nyama, akashangaa kabisa, akanijibu hiyo si nyama, ni jamón. Ikaletwa maharage, jamón. Sasa hivi nikikaa tu wananiletea zeituni na jibini, na mle ndani zangu zinaitwa za Tanga.

Na huyo mzee ndiye tuliyegundua naye kwamba tunaongea lugha moja ila imekorogwa. Wao wanasema fulano, sisi fulani. Wao azúcar, sisi sukari. Hasta yao ni hata yetu. Meya wao ni alcalde, ukilichimba neno hilo ni kadhi. Mwarabu alikaa huku kusini karne na karne, kwetu akaja na jahazi, maneno ni yaleyale. Halafu mesa na meza, bandera na bendera, hizo sisi tulizipata kwa Mreno, pamoja na kipigo. Nikapanda kichwa. Nikamwambia mzee, hata kanisa, sisi neno la Mreno la kanisa tunalo, gereza. Akauliza gereza ndo kanisa? Nikasema hapana, kwetu ni jela. Mzee alicheka mpaka akashika meza, kesho yake akaenda kumwambia padri, Jumapili padri akaisema mbele ya watu wote. Ndiyo nilivyohubiriwa kanisani mimi Muislamu wa Tanga.

Kazi yangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili ni kuvuna zeituni. Mnatandika nyavu chini, mashine inashika shina inalitikisa kama mtu mwenye malaria, zilizobaki mnazipiga na fimbo ndefu. Mikono inaganda asubuhi, hamuongei. Ila mafuta yakitoka kinuni mapya, ya kijani, ukachovya mkate, aisee hapo sina malalamiko. Mama mkwe ananijazia madumu ya lita tano tano. Sasa mnajua mafuta ya zeituni kwetu ni dawa, kichupa kidogo, mama yangu anakiweka kabatini pamoja na Msahafu, anapakwa mgonjwa tone tatu na dua juu. Nikampigia video siku moja mama mkwe yuko jikoni anakaanga viazi, mafuta yamejaa sufuria, mama akauliza hayo mafuta gani, nikamwambia zeituni. Kimya. Akamwita dada yangu aje aone. "Wanakaangia viazi?!" Mpaka leo akitusikia tuna mafua anasema mnaoga neema hamuoni. Nilivyoenda likizo nikampelekea lita tano, akagawa mtaa mzima kwa vichupa, hakuna hata yai moja lililokaangwa.

Sasa leseni. Mimi nimeendesha lori Tanga Dar miaka kumi na moja, Segera naijua kama kiganja changu, Chalinze usiku wa mvua nimepita. Huku nikaambiwa leseni ya Tanzania haibadilishwi, ukishakuwa mkazi miezi sita haina kazi, anza upya kama mtoto. Darasani nimekaa na vijana wa miaka 18, mmoja akaniita don, yaani bwana mkubwa. Mtihani maswali 30, ukikosa zaidi ya matatu umeanguka. Nikaanguka. Nikaanguka tena. Swali moja linauliza ukikuta kundi la kondoo barabarani nani apite kwanza, mimi kwetu anayepita kwanza ni mwenye lori! Na huku wanapita kulia, usukani uko kushoto, mkono wangu wa kushoto ukitaka gia unashika kitasa cha mlango, mwalimu wangu alikuwa anaufunga kwa ndani kabla hatujaondoka. Mara ya tatu nikapita. Nikafurahi, nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la familia. Ndipo nikapewa kibao cha kijani chenye herufi L nibandike kioo cha nyuma mwaka mzima, ili dunia nzima ijue huyu bado mgeni wa barabara. Mzee mzima na mvi.

Yote hayo ningemeza, ila mwezi wa kumi na mbili wakaja watu watatu nyumbani na keki. Meya, muuza nyama na mama mkwe. Nikajua kuna jambo, maana hapa keki haiji bure. Wakazunguka, hali ya hewa, mizeituni, mtoto hajambo, mwisho meya akatoboa. Tarehe 5 Januari jioni huku wanapita Wafalme watatu, wale Mamajusi waliokwenda kumuona mtoto Yesu, hao ndio wanaowaletea watoto zawadi, na mmoja wao, Baltasar, ni mweusi. Miaka yote Baltasar wa kijiji alikuwa muuza nyama, anapakwa rangi nyeusi usoni. Na sasa, meya akakohoa kama ninavyokohoa mimi kwa mama mkwe, wanaona si vizuri tena, na kwa vile wewe, yaani, tukafikiri... Nikamtazama muuza nyama, alikuwa ameshika taji mapajani, kaliinamia kama analiaga marehemu.

Wakaniambia wafalme wanatoka mashariki na ngamia. Nikawaambia mimi nimetoka Ngamiani. Nilipowatafsiria hiyo, kwisha, suala likapita bila kura.

Basi nikavishwa joho la zambarau, nikapandishwa kwenye tela la trekta, ngamia hawapo, narusha pipi huku nasema moyoni mama asinione. Baadaye watoto wanakuja mmoja mmoja kukunong'oneza wanachotaka. Watoto wa kijiji chote ni kumi na wanane, lakini wanaongea haraka kweli, nikikwama najibu Kiswahili. "Inshallah mwanangu, tutaangalia bajeti." Wakaridhika mno! Wale wafalme wengine wawili wanaongea kama baba zao, mimi ndiye nimetoka mashariki kwelikweli. Foleni ya kwangu ikawa ndefu, wa kwao wakahamia kwangu, mfalme Melchor akabaki anakula pipi zake mwenyewe.

Tatizo muuza nyama akishanawa rangi alikuwa anarudi kuwa muuza nyama. Mimi nikivua joho nabaki vilevile. Mwezi wa pili niko juu ya ngazi nakata matawi ya mzeituni, mtoto anapita chini ananiambia ile baiskeli haikuwa rangi niliyosema. Nikaomba radhi. Kiangazi niko dukani na karatasi za chooni mkononi, mwingine ananishika suruali ananiuliza kama najua kwamba ndugu yake anapiga watu. Nikasema najua. Wazazi nao wameshanogewa, mtoto akikataa kula wanamwambia Baltasar anakuona, na kweli namuona, dirisha lao linatazamana na langu.

Juzi nimeegesha gari plaza, yaani uwanja wa katikati ya kijiji, natoka na mkate wangu, nikamkuta binti mmoja wa miaka kama mitano kasimama nyuma ya gari kashika mkono wa mama yake, anaangalia kile kibao cha kijani, ananiangalia mimi, anakiangalia tena. Kwa sauti ambayo plaza nzima ilisikia, na bibi saba wa samaki wakiwepo, akauliza mama, Baltasar anakuja kila mwaka kutoka mbali vile, mbona bado hajajua kuendesha?