Witiri na Utitiri

Banda langu hapa Busia, upande wa Uganda, halijapoteza kuku hata mmoja tangu nilijenge upya. Kicheche ndiye aliyenifundisha: usiku mmoja aliua watano, akatafuna shingo ya mmoja tu, wengine akawaacha chini kama walevi. Waya wa kawaida wa kuku humzuia kuku kutoka, haumzuii kicheche kuingia. Basi nikafunga waya mgumu wa matundu ya nusu inchi, nikauzika sentimita 30 ardhini na kuukunja kuelekea nje, maana nguchiro huchimba pale pale penye ukuta, na akikuta waya hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili. Mlangoni nikaweka komeo la springi linalojifunga lenyewe. Kuku wengi huliwa kwa sababu ya mlango uliosahauliwa, si kwa ujanja wa mnyama.

Komeo liko nje.

Mwezi huo nilikuwa na kuku anayeatamia. Nilitaka nimwekee mayai 12, mama mkwe akakataa katakata: mayai ya kuatamia lazima yawe witiri. Yakawa 13. Siku ya 20 vifaranga wakaanza kulia ndani ya ganda. Ukisikia hivyo, kaa mbali. Tangu ganda lidonolewe mpaka kifaranga atoke huweza kupita saa 24, na mama akiinukainuka, utando wa ndani hukauka na mtoto hunata humo. Haya nawahubiria watu kila siku. Saa tatu usiku, mke wangu akiwa matangani, nikajifunga shuka, tochi mdomoni, nikaingia kwa magoti kusikiliza.

Nyuma yangu nikasikia: ka!

Nikajaribu kulifikia komeo. Kwenye tundu la nusu inchi kidole cha mwisho kilipita mpaka fundo la kwanza, kikagoma. Nikachimba kwa kopo la maji, waya. Nikachimba kwingine, waya. Fundi alikuwa mimi, sikuwa na wa kumlaumu.

Nikamwita jirani kwa jina, taratibu, nisiwashtue kuku. Dirisha likafunguka. Sauti ya mtu, usiku, kutoka banda la kuku! Na kila aliyelelewa vizuri anajua ukiitwa usiku usiitike. Dirisha likafungwa, nikasikia Ayatul Kursiyu ikisomwa mpaka mwisho, kisha ikaanza upya.

Kufika saa sita wakatoka utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na chini ya kiota, usiku hupanda kunyonya damu. Dawa ni kuchoma matandiko ya zamani na kutia majivu kiotani kabla ya kumweka kuku. Mimi nilitia majivu kiotani. Kona niliyokalia sikuitia. Jogoo, kichwani pangu juu kidogo, akaanza kuwika saa kumi.

Alfajiri aliyekuja kuwafungulia kuku ni mama mkwe.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka chini, nikivuta shuka.

"Marahaba, Baba Zuhura." Akainama, akanitazama kupitia waya, komeo hakuligusa. "Yametotoka mangapi?"

Nikahesabu. "Kumi na moja."

"Si umo humo? Hayo mawili yatikise, yasije yakawa viza."

La kwanza likachapachapa kama maji kwenye dumu. La pili lilipasukia mkononi.