Turanshah aliuawa na jeshi la baba yake

Tukizungumzia masultani wa zamani, wengi wetu huanza na Salahuddin alipoitwaa Jerusalem mwaka 1187, kisha tunarukia kuanguka kwa Baghdad mwaka 1258, na kuhitimisha kwamba Waislamu waliponzwa na fitina. Miaka sabini ya katikati tunaipita kama kituo ambacho basi halisimami. Mimi naamini humo, katika kuuawa kwa sultani Turanshah na jeshi la baba yake, ndimo ulimo ufunguo wa yote yaliyofuata Misri na Sham (Syria na jirani zake), na neno "fitina" halitoshi kuyaeleza.

Salahuddin alifariki mwaka 1193 bila kuacha utaratibu wowote wa kurithiana madaraka. Mwanawe al-Aziz alichukua Misri, al-Afdal akachukua Dameski, al-Zahir akabaki Halab (Aleppo). Haikupita miaka kumi, ami yao al-Adil akawa ameshajitwalia Misri na Dameski. Tangu hapo vita vingi vya Waayyubi, yaani ukoo wa Salahuddin, vilikuwa vya ndugu kwa ndugu. Mwaka 1229 al-Kamil wa Misri alimkabidhi Jerusalem mfalme Frederick II wa Ujerumani, aliyekuja na Wanamsalaba, bila vita, na mazungumzo yao yalianza kwa sababu al-Kamil alikuwa na ugomvi na nduguye, al-Mu'azzam wa Dameski. Mwaka 1244, huko La Forbie karibu na Gaza, watawala wa Kiayyubi wa Dameski, Homs na Karak walijipanga safu moja na Wanamsalaba ili wampige ndugu yao wa Misri, al-Salih Ayyub. Al-Salih naye alikuwa amewaita wapanda farasi wa Khwarazm, huko Asia ya Kati, waliofurushwa kwao na Wamongolia, na upande wake ndio ulioshinda. Anayeisimulia karne ile kuwa ni Msalaba dhidi ya Hilali, na atueleze kwanza vita ile.

Huyu al-Salih ndiye ninayemwona mtu mkubwa wa kisa hiki, ingawa jina lake halitajwi sana. Mwaka 1239, kabla hajawa sultani wa Misri, askari wake walimkimbia karibu wote akiwa Nablus, naye akafungwa ngomeni Karak. Waliobaki naye ni wachache: mamluki zake kadhaa, yaani askari walionunuliwa utumwani, na suria wake, Shajar al-Durr. Mtu aliyetupwa namna ile na maamiri huru, wenye koo zao na ardhi zao, hawezi kuwaamini tena. Alipokaa Kairo akaanza kununua vijana wa Kipchak kutoka nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Uvamizi wa Wamongolia ulikuwa umeitia nyika ile vurugu, watumwa wakawa wengi sokoni. Aliwajengea kambi katika kisiwa cha Rawda, katikati ya Mto Nile, wakaitwa Bahriyya.

Kijana wa namna hii aliletwa mdogo, hana baba wala ukoo. Alifundishwa dini, farasi, upinde na mkuki, halafu akaachwa huru na kupewa silaha. Familia yake ilikuwa bwana aliyemnunua na wenzake waliolelewa naye kambini. Utii wake haukuwa kwa Misri wala kwa kiti cha enzi, ulikuwa kwa al-Salih mwenyewe. Sasa, utii wa aina hiyo mwana anaurithi vipi?

Jibu lilipatikana katika miezi michache. Mwezi Juni 1249 Louis IX wa Ufaransa aliteka Damietta. Al-Salih, mgonjwa mahututi, alifariki kambini Mansura mwezi Novemba, adui akiwa jirani. Shajar al-Durr, pamoja na jemadari Fakhr al-Din na towashi mkuu wa kasri, waliamua kuficha msiba. Maiti ilipelekwa kwa siri kwa mashua hadi Rawda. Chakula cha sultani kiliendelea kuingizwa hemani, amri ziliendelea kutoka zikiwa na sahihi yake, na anayeuliza aliambiwa sultani anaumwa. Mjumbe akatumwa Hisn Kayfa, ukingoni mwa Mto Tigris, kumwita Turanshah, mwana wa marehemu.

Kabla Turanshah hajafika, Fakhr al-Din aliuawa katika shambulio la ghafla tarehe 8 Februari 1250. Robert wa Artois, ndugu yake Louis, akajitosa na mashujaa wake ndani ya vichochoro vya Mansura. Bahriyya waliwafungia humo wakawamaliza, na Robert akafia hapohapo. Mwezi Aprili Louis mwenyewe akakamatwa. Dola ilikuwa imeokolewa na mjane na vijana wa kununuliwa, huku mrithi halali akikuta kazi kubwa imeshafanyika.

Turanshah alikuja na watu wake kutoka Hisn Kayfa, akaanza kuwapa vyeo. Alimtaka Shajar al-Durr atoe mali na vito vya baba yake, naye akawaandikia Bahriyya kuwalalamikia. Wanahistoria wa zama zile wanasimulia kwamba usiku, akiwa amelewa, Turanshah alikuwa akikata vichwa vya mishumaa kwa upanga na kuwataja maamiri wa Bahriyya mmoja mmoja, akisema hivyo ndivyo atakavyowafanya. Tarehe 2 Mei 1250, huko Fariskur, walimvamia. Akajeruhiwa mkononi, akakimbilia mnara wa mbao, wakauchoma moto, akatimua mbio kuelekea mtoni, wakamuulia majini. Wengi wanamtaja Baybars, mmoja wa Bahriyya, kati ya wauaji.

Masimulizi mengi yanauweka mzigo wote kwenye ile mishumaa: angekuwa na adabu, asingekufa. Mimi sikubali. Hata mwana mpole angehitaji watu wake mwenyewe, na kila cheo alichompa mtu wake kingepungua kwa watu wa baba yake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na pale Misri yalikuwa majeshi mawili ya nyumbani ndani ya kasri moja. Al-Salih alijitengenezea kinga bora kuliko mtawala yeyote wa zama zake, na kinga ile ikawa haina nafasi ya mwanawe.

Baada ya mauaji walimkalisha Shajar al-Durr kwenye kiti cha enzi. Hotuba ya Ijumaa ikasomwa kwa jina lake, na sarafu zikapigwa zikimtaja kuwa malkia wa Waislamu na mama wa Khalil, mtoto aliyemzalia al-Salih na ambaye alikuwa ameshafariki. Inaniuma kwamba mwanamke huyu anakumbukwa zaidi kwa kuhusishwa na mauaji ya mumewe wa pili, amiri wa Kimamluki Aybak, mwaka 1257, kuliko kwa miezi ile aliyoishikilia dola bila sultani. Utawala wake ulidumu siku 80 hivi. Maamiri wa Kiayyubi wa Sham walimkataa, Khalifa wa Baghdad hakumkubali, basi Shajar al-Durr akamwachia Aybak kiti.

Aybak naye akanunua mamluki zake. Mwaka 1254 aliagiza Aqtay, kiongozi wa Bahriyya, auawe, na Qutuz, mamluki wake, akawa mmoja wa waliotekeleza. Baybars na wenzake wakakimbilia Sham. Kwa hiyo Qutuz, sasa akiwa sultani, alipowashinda Wamongolia Ain Jalut tarehe 3 Septemba 1260, akiwa bega kwa bega na Baybars, deni la damu lilikuwa bado halijalipwa. Mwezi uliofuata, njiani kurudi Kairo, Baybars na wenzake walimuua, na Baybars akaingia mjini akiwa sultani.

Baybars alitawala kwa ustadi hadi 1277, na hata yeye alidhani mwanawe angerithi salama. Baraka Khan alipokalia kiti akawainua vijana wake juu ya maamiri wa baba yake, na mwaka 1279 akalazimishwa kuondoka. Ndugu yake Sulamish, mtoto wa miaka saba, akawekwa kwa miezi michache tu, kisha Qalawun, naye mmoja wa Bahriyya wa al-Salih, akakitwaa kiti.

Najua hoja ya wanaopinga: dola ya Wamamluki ilidumu hadi 1517, basi utaratibu wao ulifanya kazi. Ni kweli ulifanya kazi vitani, na Misri ilinusurika Wamongolia kwa sababu yake. Lakini mtazameni al-Nasir Muhammad, mwana wa Qalawun, aliyeupoteza usultani mara mbili kabla ya kutulia kuanzia 1310 hadi 1341. Alipofariki, wanawe wanane walikalishwa kwenye kiti kile katika miaka ishirini, baadhi yao wakiwa watoto wadogo, huku maamiri kama Qawsun wakitawala kwa majina yao.